"Chew" na "cheua": sura moja, ukoo mbalimbali

UKURASA WA MASWALI YA LUGHA

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha sayansi. Juzi tulifika kwenye mada ya wanyama wanaocheua, na nilipoliandika neno hilo ubaoni mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, si hicho ni Kiingereza? Chew, cheua!" Darasa zima likamwunga mkono. Nikawaambia nitauliza. Je, sisi ndio tuliokopa kwao au wao walikopa kwetu? Na hilo "chew" lenyewe limetoka wapi?

Jibu: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Kwanza nifikishie pongezi kwa mtoto huyo. Nimefundisha Kiingereza na kufasiri kwa zaidi ya miaka 30, na bado naamini mwanafunzi anayesikia sauti mbili zikifanana akauliza kwa nini ndiye anayejifunza lugha kweli. Jibu lake, hata hivyo, ni kwamba hakuna aliyekopa. Sisi hatukuchukua kwao, wao hawakuchukua kwetu.

Tuanze na maana, kwa sababu watu wengi husikiliza sauti tu, maana wakaiacha nyuma. Mchukue mtoto mchanga wa wiki tatu. Amenyonya akashiba, mama kamweka begani, anampigapiga mgongoni, mara maziwa kidogo yanarudi na kulowesha kanga. Tunasema mtoto amecheua. Hana jino hata moja kinywani! Mwingereza hawezi kabisa kusema mtoto huyo amefanya "chew", kwa kuwa kitenzi hicho, maana yake kutafuna, ni kazi ya meno na taya. Chetu ni kazi ya tumbo na koo: kilichokwisha kushuka kinapanda tena.

Sasa nenda ukasimame karibu na ng'ombe aliyelala baada ya malisho. Mtazame shingoni, si mdomoni. Utaona donge likipanda chini ya ngozi, mbio, kutoka kifuani hadi kwenye taya. Likishafika, taya zinaanza kwenda upande upande, mara 50 hivi, bila haraka. Halafu anameza, unaliona donge likishuka. Anatulia sekunde chache kama anayesubiri kitu, kisha donge jingine hilo, linapanda. Wanafunzi wako wakiliona hilo mara moja hawatalisahau. Kucheua ni kule kupanda. Kutafuna kunafuata baadaye, na tuna neno lake pekee.

Mwingereza alimwangalia ng'ombe huyohuyo, ila jicho lake likatua kwenye taya. Ndiyo maana hana kitenzi kimoja cha asili cha kazi hiyo, akalazimika kuiunga: "chew the cud", yaani kulitafuna lile donge lililorudi. Fungua Walawi sura ya 11, mahali panapotajwa wanyama wanaoliwa na wasioliwa. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inasema "cheweth the cud", maneno matatu. Yetu inasema kucheua, basi. Wafugaji wanaosema Kiswahili hawakuwa na sababu ya kungoja Mwingereza aje awape jina la jambo wanaloliona kila jioni zizini.

Hiyo ni nusu ya jibu. Nusu ya pili ni safari ya "chew" yenyewe, na hapa naomba uvumilivu, kwa sababu ndipo patamu.

Miaka 1000 na zaidi iliyopita Waingereza waliandika *ceowan*. Herufi ya kwanza ni c, lakini katika neno hili walikuwa wameshaanza kuitamka kama ch yetu. Tahajia ya "ch" ilikuja na waandishi waliofuata mtindo wa Kifaransa, baada ya Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka Uingereza mwaka 1066. Mwanafunzi wako akiona *ceowan* atashangilia: "Mwalimu, tunazidi kukaribia cheua!" Mwambie asubiri. Tukirudi nyuma hatua moja tu, ile ch inatoweka. Mahali pake pana k.

Tunajuaje? Waulize jamaa zao. Mjerumani akitafuna husema *kauen*, Mholanzi *kauwen*. Tena si neno hili peke yake, maana neno moja linaweza kudanganya. Kidevu ni "chin" kwa Kiingereza, *Kinn* kwa Kijerumani, *kin* kwa Kiholanzi. Jibini ni "cheese", *Käse*, *kaas*. Shavu ni "cheek", ambalo zamani lilikuwa na maana ya taya, na Mholanzi mpaka leo taya huliita *kaak*. Kila mara Kiingereza kina ch pale jamaa zake walipobaki na k. Mpangilio wa namna hii, unaojirudia neno baada ya neno, ndio cheti cha undugu katika lugha.

Kilichotokea si ajabu hata kidogo kwa msemaji wa Kiswahili. Sema "ka", kisha "ki", taratibu, na usikilize ulimi wako. Katika "ka" ulimi unagusa nyuma kabisa. Katika "ki" unasogea mbele kwa ajili ya ile i inayokuja. Usogee mbele zaidi kidogo, na umeshatamka ch. Waingereza wa kale walisogea hivyo kila k ilipofuatwa na e au i. Pale ilipofuatwa na sauti za nyuma, k ilikaa palepale: ng'ombe aliitwa *cu*, leo "cow", na k yake haikuguswa. Kwa hiyo katika sentensi fupi ya Kiingereza, "cows chew", unasikia k iliyobaki na k iliyogeuka, zote mbili zikiwa bega kwa bega.

Na sisi je? Kiambishi chetu ki- kikikutana na irabu hufanya lilelile. Ki- na -angu tunapata changu. Ki- na -ombo, chombo. Ki- na -umba, chumba. Kitu cha kula, ile "cha" ikiwa ni ki- iliyokutana na -a, kikawa chakula. Mimi huwa nafurahi sana nikifika hapa: "chakula" na "chew" hayana damu moja, lakini ch zao zote mbili zimezaliwa na k, kwa mwendo uleule wa ulimi. Andika jambo hilo ubaoni. Litawafaa wanafunzi wako kuliko orodha yoyote ya maneno.

Turudi nyuma zaidi. Mrusi anasema *zhevat*, Mwajemi *javidan*, maana ni ileile, kutafuna. Hayo nayo ni ndugu wa *kauen* na "chew", ingawa kwa sura huwezi kuamini. Mzizi wa zamani ulianza na sauti ya jamii ya g. Katika tawi la Kijerumani, ambamo Kiingereza kimo, g ya kale ilikazwa ikawa k, na Jacob Grimm, mtaalamu wa lugha wa Kijerumani, aliufafanua utaratibu huo mwaka 1822. Ndiyo sababu goti ni *genu* kwa Kilatini na "knee" kwa Kiingereza, k yake ikiandikwa hadi leo ingawa haisikiki tena. Waslavi, yaani Warusi na jamaa zao, pamoja na Waajemi, wakashika njia nyingine.

Basi ukiyaweka mezani, "chew" na *zhevat* hayafanani lakini ni ndugu. "Chew" na "cheua" yanafanana kama pacha lakini hayana undugu. Ukirudi nyuma, lile la Kiingereza linazidi kukimbia: ch, halafu k, halafu g. Cheua letu halikuwa na haja ya kulifuata huko.

Mifano ya namna hii ipo duniani. Kwa Kiajemi, kitu kibaya huitwa *bad*, sawasawa na Kiingereza, na maneno hayo hayana uhusiano wowote. Kimbabaram, lugha ya wenyeji wa asili wa Australia, kilimwita mbwa *dog*. Kilimwita hivyo chenyewe, bila kufundishwa na Mwingereza. Vinywa vya watu vina sauti chache, maneno ni maelfu kwa maelfu, kukutana njiani ni lazima.

Ukitaka ndugu wa kweli upande wetu, usimtafute kwa Mwingereza. Tazama "tafuna". Wachewa husema *tafuna*, Wazulu *hlafuna*, Watswana *tlhafuna*. Hapo ndipo damu ilipo.

---

Swali: Mwalimu, hujambo. Mimi ni mfasiri ninayeanza kazi. Kiingereza kina "chew", "munch", "masticate", na kamusi yangu inayafasiri yote "tafuna". Nitofautishe vipi? Na je, naweza kutumia "chew" ninapofasiri habari za watu waliotafuna fedha za umma?

Jibu: Sijambo, mwanangu, na karibu kazini. Nianze na fedha, maana hapo ndipo unapoweza kuharibu kazi nzima. La, usitumie. Msomaji wa London akikuta "they chewed public funds" ataona mtu na noti kinywani, habari yenyewe itampita. Andika "embezzled". Niliwahi kupewa tafsiri niihakiki, kitenzi hicho kimo ukurasa wa kwanza, na mteja aliyeisoma kabla yangu alikuwa amezungushia neno kalamu nyekundu na alama tatu za kuuliza. Mfasiri alikuwa mzuri. Alilifasiri neno, akaisahau picha.

Kwa sababu picha zimetofautiana. Kutafuna kwetu kukitoka kwenye chakula huelekea mfukoni: mali, urithi, mtaji. Kutafuna kwa Mwingereza huelekea kichwani. Akisema "let me chew it over" anataka nafasi ya kulitafakari jambo. Francis Bacon, mwanafalsafa wa Kiingereza, katika insha yake ya mwaka 1597 juu ya kusoma, aliandika kwamba vitabu vingine ni vya kuonja tu, vingine vya kumeza, na vichache ni vya kutafunwa na kusagwa tumboni. Katika mchezo wa Shakespeare wa Julius Caesar, ambao Mwalimu Nyerere aliufasiri kwa Kiswahili na tafsiri ikatoka mwaka 1963, Brutus anamwambia Cassius "chew upon this", yaani nenda ukalitafakari hili. Hata ng'ombe wamemtia humo: "ruminate", kutafakari kwa kina, linatoka kwenye *rumen*, tumbo la kwanza la mnyama anayecheua. Kwa hiyo ukikutana na "chew on" au "chew over", kimbilia tafakari, pima, lifikirie. "Chew the fat" ni kupiga soga. "Chew out", ambalo ni la Wamarekani zaidi, ni kumkaripia mtu vikali. "Bite off more than you can chew" mimi huandika kujitwika mzigo usiouweza, na sijawahi kujuta.

Sasa yale matatu. "Chew" ni tafuna, wazi, halina mbwembwe, linafaa kwa mtu na mnyama. "Munch" ni kutafuna kunakosikika, taya zinakwenda mfululizo na mlaji anafurahia. Katika Macbeth, mchezo mwingine wa Shakespeare, mmoja wa wachawi anamsimulia mke wa baharia aliyekuwa na njugu mapajani, na mwandishi alilirudia "munch'd" mara tatu mfululizo, mpaka unazisikia taya zenyewe. Neno hili linaaminika kuwa limeiga sauti. Litamke polepole: midomo inafumba kwa m, kisha ch inasaga. Na sisi tuna mumunya, tuna mung'unya, nayo yanaanza kwa midomo kufumba. Kufanana kwa namna hiyo hakutokani na mkopo wala undugu, na si bahati tupu pia. Kinywa kilichojaa chakula kinatoa sauti ileile kwa kila binadamu. Ila angalia usije ukaandika "mumunya" kila unapoona "munch": letu linamfaa zaidi asiye na meno, na lile ni la mwenye meno mazima.

"Masticate" ni la vitabuni na kwa madaktari wa meno. Lilipita Kilatini likitokea Kigiriki, kwenye neno la kusaga meno, na linahusiana na *mastiche*, utomvu wa mti wa kisiwa cha Chios, Ugiriki, ambao watu huutafuna tangu kale. Weka kidole shavuni karibu na pembe ya taya, uume meno kwa nguvu. Msuli unaotuna pale unaitwa masseter, neno la Kigiriki lenye maana ya mtafunaji. Katika tafsiri ya sayansi andika kutafuna, inatosha. Hadhi ya neno huiokoi kwa kulipamba.

Nikuongezee moja, kwa vile utakutana na Kifaransa. *Manger*, kula, limetoka kwenye kitenzi cha Kilatini *manducare*, kutafuna. Watu wa kawaida walilitumia mpaka likalisukuma kando neno lenyewe la kula. Sisi nasi tunaposema fulani amezitafuna, au amezila, hatujali tena tofauti yake.

---

Swali: Kwa nini "choose" wakati uliopita ni "chose", lakini "chew" ni "chewed"?

Jibu: Zamani vilikuwa kundi moja. *Ceosan* wakati uliopita ilikuwa *ceas*, na *ceowan* ilikuwa *ceaw*, irabu ikibadilika ndani. Baadaye vitenzi vingi vya Kiingereza viliacha kubadili irabu vikachukua -ed, "chew" kikiwamo. "Choose" na "freeze" vilibaki na mtindo wa zamani. Wanaojifunza wamepunguziwa kimoja cha kukariri.

---

Swali: Mwalimu, wewe husema kila mara kwamba Kiingereza kimetuingizia maneno mengi. Je, hili "chew" halikuingia kabisa katika Kiswahili?

Jibu: Liliingia, ila limejificha. Limo ndani ya chingamu. Sema "chewing gum" haraka kama anavyosema mtoto anayeiomba, na utasikia jinsi "chewing" ilivyobanwa ikawa "ching", na "gum" ikapewa irabu ya mwisho ili itulie kwenye ulimi wetu. Huo ndio mkopo halisi wa "chew" tulio nao, na kila mtoto anautamka bila kujua.

Kitu chenyewe ni cha kale kuliko jina. Nchini Denmark kulipatikana kipande cha lami ya magome ya mti, kilichotafunwa miaka kama 5,700 iliyopita, na mwaka 2019 wanasayansi walitangaza kwamba wamesoma humo vinasaba vya aliyekitafuna, mtu wa kike. Waingereza wa kale nao walikuwa na neno *cwudu*, na ule utomvu wa Chios waliuita *hwit cwudu*, yaani *cwudu* nyeupe. Neno hilo ndilo "cud" la leo, lile donge la ng'ombe. Kwao cha kutafunwa ni cha kutafunwa, kiwe utomvu kinywani mwa mtu au majani kinywani mwa mnyama.

Kwa wanaofuatilia ngeli: chingamu tumeiweka pamoja na nyumba na kalamu, chingamu hii, chingamu hizi. Ingeweza kwenda kwingine. Kitabu kilipotoka Kiarabuni tulikipa wingi wa vitabu, kwa sababu ki- yake ilitusikikia kama yetu. Na ch ya chingamu ingeweza kusikika kama ile ya chombo na vyombo. Lakini katika miaka yote hii sijamsikia mtu mzima wala mtoto akiomba vyingamu.